Mkono Niliouacha Hewani

Siku ile niliyouacha mkono wa baba mkwe wangu hewani mbele ya wageni, mwanangu, naikumbuka kana kwamba vumbi lake bado halijatua. Ilikuwa Jumamosi, saa nane za mchana, kisiwani Rusinga, na upepo wa ziwa ulikuwa unaivuta leso yangu huku na huku hata ikabidi niibane kwa viwiko. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilitoka kwetu, upande wa Kehancha, kwa baba aliyelima tumbaku, nikaolewa na Ouma, fundi mwashi niliyemfahamu alipokuja kujenga darasa katika shule niliyokuwa nikisaidia kufundisha. Kijaluo nilijua maneno kama kumi hivi. Kwa hiyo tangu mwanzo mimi na watu wa boma lao tulikutana katika Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake.

Wageni wa harusi walikuwa wameketi kwenye viti vya kuazima. Baba yake Ouma, Mzee Odero, aliyefiwa na mkewe, mtu mrefu mwenye kifua kipana cha kuvuta nyavu, akainuka. Akanijia moja kwa moja huku anatabasamu, akanyoosha mkono wake wa kulia.

Nami nikarudi nyuma hatua tatu, nikaficha mikono yangu mgongoni na kuangalia chini.

Ngoja nikueleze, maana wewe umezaliwa siku hizi na huenda ukadhani nilikuwa na wazimu. Katika nyumba niliyolelewa, mke wa mtoto hamshiki mkono baba wa mumewe. Hamkaribii, hamwangalii machoni, hapokei kitu kutoka kiganjani mwake. Mama yangu alikuwa anaweka kibuyu cha maziwa chini, anasogea, ndipo babu, baba mkwe wake, anakiokota. Siku moja babu alijisahau akampa kibuyu mkononi, na mama akakiacha kianguke kipasuke kuliko vidole vyao vigusane. Maziwa yalimwagika, na hakuna aliyemgombeza. Babu mwenyewe ndiye aliyeomba radhi. Hivyo ndivyo nilivyojua heshima. Kumshika mkono Mzee Odero kwangu kulikuwa sawa na kumvua shati mbele za watu.

Lakini Rusinga hawakujua hayo. Kwao mzee alikuwa amenyoosha mkono wa kunikaribisha, na binti wa watu, aliyeingia langoni dakika ile ile, alikuwa ameukataa.

Mzee akautazama mkono wake. Akaugeuza, kiganja juu, kiganja chini.

"Mkono yangu iko na ugonjwa?" akauliza.

Ouma akaanza kusema kitu kwa Kijaluo, haraka haraka, lakini baba yake alikuwa ameshageuka. Alikwenda akaketi mahali pake, na tangu jioni ile akatangaza kwamba hatakula chakula kilichopikwa katika nyumba yangu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana kosa langu halikuwa kurudi nyuma. Kosa langu lilikuwa kunyamaza. Ningeweza kusema maneno mawili pale pale. Sikusema. Nilijiambia kwamba mtu mwenye adabu angeelewa mwenyewe bila kuambiwa. Tena nilifanya vibaya zaidi. Wiki chache baadaye, sokoni Mbita, nilimwona mama mmoja akishikana mkono na baba mkwe wake, wakatikisana na kucheka kwa muda mrefu, na mimi nikafyonza kwa sauti hadi wauza omena, dagaa wa ziwani, wakageuka. Usiku ule nikamwambia Ouma kwamba watu wake hawana haya. Ouma alichukua kofia yake akatoka nje akasimama uani, na nikajua nimemkata mahali penye maumivu.

Hivyo tukaishi mwaka mzima. Mzee alikula kwa mama yake, Dani Adoyo, bibi aliyekuwa mzee sana lakini mwenye ulimi mkali. Dani ni jina wanalomwita bibi huko. Mimi nilipika, nikafunika, chakula kikapoa, nikala na mume wangu kimya kimya. Majirani waliniita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, na walilitamka jina hilo huku midomo yao imekunjamana kidogo.

Mimi ambaye sikumtazama Mzee usoni nilimjua kwa miguu. Nilijua kishindo chake, nilijua viatu vyake vya mpira vilivyokatwa nyuma. Ndiyo maana mimi ndiye niliyeona kwanza. Miguu yake ilianza kutafuta njia. Ilikuwa inagusa ardhi kabla ya kukanyaga, kama mtu anayeingia majini mahali asipopajua. Asubuhi moja nikamwona anamimina chai pembeni ya kikombe, na chai ikamwagika juu ya goti lake, naye akajifanya hakuna lililotokea. Mboni zake, niliambiwa baadaye, zilikuwa zimefunikwa na weupe kama wa maziwa. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa anapofuka, na alikuwa anaficha.

Nikaenda kwa Dani Adoyo nikamwambia. Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Kwa hivyo unaangalia miguu yake kila siku," akasema.

"Ndiyo, Dani."

"Unajua akiumwa. Unajua akichoka."

"Ndiyo."

"Na huyo mtu unayemwangalia hivyo, umewahi kumwambia sababu gani ulimkatalia mkono?"

Dani akaweka ungo chini.

"Wewe msichana, mimi najua nyinyi watu wa huko mnafanya namna gani. Marehemu mume wangu alikuwa ananunua ng'ombe huko. Nilingoja useme. Mwaka mzima nangoja! Unamheshimu mwanangu na lugha yeye hajui, halafu unakasirika akikosa kusikia. Yeye atajulia wapi? Amelala ndani ya tumbo yako?"

Nililia, mwanangu. Sikulia kwa kuonewa. Nililia kwa sababu bibi yule alikuwa amenionyesha jambo lililokuwa mbele yangu mwaka mzima. Nikapangusa uso, nikaenda moja kwa moja hadi mlangoni kwa Mzee. Nikasimama hatua kadhaa kutoka kizingiti, nikageuza uso pembeni, nikasema yote: kibuyu, maziwa, mama yangu, babu yangu. Nikamwambia sikumdharau hata kidogo.

Kisha akasema, "Siku ile watu wangapi waliona?"

"Wengi, Baba."

"Leo wangapi wanasikia?"

Niligeuka nikaona ua mtupu.

"Mimi nilinyoosha mkono watu waone wewe ni mtoto yangu," akasema. "Uliniaibisha mbele yao. Sasa unakuja kunipangusa huku nyuma ya mlango, sisi wawili. Hapana. Enda tu."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimekataliwa. Lakini nilimwelewa. Nakwambia, kwa mara ya kwanza nilimwelewa mtu yule.

Mwezi haukuisha tukasikia kwamba madaktari wa macho wamekuja hospitalini Homa Bay kwa siku tatu, na wanafungua macho ya wazee bila malipo. Ouma, aliyekuwa Ndhiwa akijenga, alituma ujumbe kwamba atakuja kumpeleka baba yake. Siku ya kwanza hakufika. Siku ya pili ikaja habari kwamba amelazwa na malaria, hawezi hata kusimama. Vijana wa boma walikuwa ziwani kwenye kambi za uvuvi, na Dani mwenyewe alitembea kwa kushikilia ukuta. Ikabaki siku moja, na nikabaki mimi.

Dani aliingia kwa mwanawe nikamsikia anapaza sauti. "Unataka kukufa kipofu kwa sababu ya hasira? Nyar Kuria atakupeleka!"

"Ataniongoza na nini?" Mzee akafoka. "Si hawezi kunigusa?"

Hapo ndipo nilipoingia jikoni. Nikatafuta fimbo, sikuona. Kilichokuwepo ni ule mwiko mkubwa wa kusongea ugali wa matangani, urefu wake karibu unanifika kifuani. Nikautoa, nikapangusa unga, nikamsogezea Mzee ncha moja. Akaishika. Nami nikashika ncha nyingine, tukatoka.

Hatukufika mbali akasimama, akaisogeza ncha ile puani.

"Hii mti gani? Inanuka unga."

"Ni mwiko, Baba."

Nikadhani ataurusha. Aliguna tu, akasema, "Tembea." Lakini nilisikia kitu fulani katika guno lile, kama kicheko kilichokosa mlango wa kutokea.

Tulivuka tuta linalounganisha kisiwa na Mbita. Hapo Mbita, mahali malori ya samaki yanapopakia, watu walituona. Hebu fikiria: mzee mzima anayeheshimiwa, anavutwa kwa mwiko na binti aliyemkatalia mkono! Wakaanza kucheka. Mwanamume mmoja mpakiaji, juu kabisa ya magunia ya omena, akaita, "Nyar Kuria! Unampeleka mzee kupikwa?" Kicheko kikapasuka kama mabati yanayoanguka. Nikahisi mwiko unatikisika upande wa pili. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Mtu yule mrefu alikuwa amejikunja kama anayetafuta kitu chini.

Nikasimama. Sauti ilitoka, na ilitoka kubwa kuliko nilivyotarajia.

"Nyinyi mnaocheka, nisikilizeni! Huyu ni baba yangu. Siku nilipoolewa alininyooshea mkono, nikarudi nyuma, na wengi wenu mlikuwepo. Nilirudi nyuma kwa sababu kwetu baba wa mume ni mtu mkubwa mno, hashikwi hovyo. Sikumwambia. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulimwaibisha. Kosa ni langu, si lake, na leo naomba radhi mbele yenu. Sasa nampeleka akafunguliwe macho. Mwenye lori atatubeba, au tutembee?"

Kisha mwenye lori, mwanamume mnene mwenye kaptula, akashuka kutoka mahali pa dereva, akafungua mlango wa mbele. "Panda, mama," akaniambia. Mimi, msichana yule, kuitwa mama! Nikaona aliyeuliza habari ya kupikwa anasogeza magunia kwa nguvu zisizohitajika, macho yake hayataki kukutana na ya mtu. Mzee aliketi dirishani, mimi nikajibana upande wa dereva, mwiko katikati yetu kama askari.

Njia nzima kichwa cha Mzee hakikuinama tena.

Homa Bay palikuwa pamejaa. Ile barabara inayoteremka kuelekea ziwani ilikuwa na watu, punda, na mikokoteni ya maji. Tulipokuwa tunavuka kwenda langoni mwa hospitali, nikasikia, "Kando! Kando!" Mkokoteni uliosheheni mitungi ya maji ulikuwa umemponyoka mwenyewe, unakuja kwa kasi mteremkoni. Mtu mmoja aliyekuwa anakimbia akaupiga mwiko kwa bega, ukatutoka mikononi. Nikageuka. Mzee alikuwa amesimama katikati ya barabara, peke yake, mikono mbele, anapapasa hewa.

Sikufikiri. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili nikamvuta kwa nguvu zangu zote, tukaangukia kando ya duka, na mkokoteni ukapita pale alipokuwa amesimama, ukaenda kupinduka mtaroni.

Watu wakakimbilia maji. Sisi tukabaki pale ukutani. Ndipo nilipotambua kwamba bado nimemshika. Mwili wangu wote ukaanza kutetemeka, mwanangu, meno, magoti, kila kitu. Mkokoteni ulikuwa umeshapita. Haukuwa mkokoteni uliokuwa unanitetemesha. Lakini sikuachia. Tulikuwa bado hatujavuka, na mwiko sikuuona ulipo, na nikajiambia kwamba ikiwa ni dhambi, basi nitaibeba hadi mlango wa daktari.

Mzee alitulia. Alikuwa anausikiliza mkono wangu.

"Unatetemeka," akasema, polepole.

"Ndiyo, Baba."

"Kwa sababu umenishika."

"Ndiyo, Baba."

Akavuta pumzi ndefu. "Mtu hawezi kutetemeka hivi kwa sababu ya madharau," akasema. "Sasa nimejua." Kisha, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, akautoa mkono wake katikati ya mikono yangu. "Tafuta mti yako. Tuende nayo."

Nikaupata mwiko karibu na mtaro, umechafuka matope. Nikaupangusa kwa leso yangu mpya. Na tukaingia hospitalini hivyo, yeye ncha moja na mimi ncha nyingine, na ikiwa kuna aliyecheka, hakuna hata mmoja kati yetu aliyemsikia.

Ndani alipokelewa na muuguzi kijana kutoka Pwani. Kijana yule alimshika Mzee vidole, akavifunga na vyake, wakaondoka wamefuatana wakizungumza hadi chumba cha upasuaji. Wanaume wa huku hawatembei hivyo na mtu waliyekutana naye dakika hiyo. Nilitazama nikingoja Mzee akasirike. Hakukasirika. Jioni aliniambia, jicho moja likiwa limefungwa bendeji, "Yule mtoto alinishika kama tumecheza pamoja tukiwa wadogo. Nilimuuliza kwa nini. Aliniambia kwao rafiki wanatembea hivyo. Nikamwambia sawa, basi tembea." Akacheka. "Unaona? Yeye nilimuuliza. Wewe sikukuuliza hata siku moja. Na mimi pia niko na makosa."

Kesho yake asubuhi wakamfungua. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, mbali, kama ilivyonipasa. Daktari akamwonyesha vidole akavihesabu. Akamwonyesha mti wa nje, akautaja. Kisha akageuza kichwa akanitazama mimi, na mimi, nisamehe kwa hilo, nilimtazama pia. Machozi yalikuwa yanashuka katika jicho lile lililofunguliwa na daktari anamkataza asilie, nayo yanashuka tu.

"Kumbe wewe ni mrefu," akasema, maana tangu nije alikuwa ameniona nimeinama tu.

Tuliporudi, alikataa kubebwa hadi nyumbani. Aliomba lori lililoturudisha limshushe Mbita, mahali pale pale. Akasimama katikati ya wapakiaji, akaanza kuwataja majina mmoja mmoja huku anawaonyesha kwa kidole, hadi na yule wa juu ya magunia. "Wewe! Nakuona! Shati yako imepasuka hapa!" Watu walipiga kelele kwa furaha. Wanawake wa omena wakaacha biashara zao. Na hapo, mbele ya wote walioniona nikiaibika na wote walionisikia nikiomba radhi, Mzee Odero akanigeukia, akarudi nyuma hatua tatu, akaweka mikono yake mgongoni, akainamisha kichwa.

Hakuna mwanamume wa umri wake aliyewahi kumfanyia mke wa mwanawe hivyo katika kisiwa kile. Vigelegele vilianzia kwa wauza samaki vikatufuata tutani, vikaingia kisiwani kabla yetu, na tulipofika langoni Dani Adoyo alikuwa amejikokota hadi nje, anapiga vigelegele kwa sauti yake iliyochakaa, anauliza kama mwanawe sasa anaona. Mchana ule nikapika samaki wawili wakubwa aina ya ngege na ugali wa mtama. Mzee aliketi katika nyumba yangu, akala hadi mifupa, akaomba tena. Ouma alipotoka Ndhiwa siku nne baadaye, amekonda kwa malaria, alimkuta baba yake kwenye kiti chake na sahani mkononi, na alilazimika kuegemea mlango.

Tuliishi na Mzee miaka kumi na tisa baada ya hapo. Kila asubuhi alisimama uani mwake akainua mkono juu, nami nikainama uani mwangu. Watoto wangu aliwashika, akawabeba, akawarusha juu. Mimi hakunigusa, na hakuna mtu aliyenipenda kuliko yeye.

Sasa, mwanangu, mimi ni bibi, na nikienda sokoni Oyugis nawaona nyinyi vijana mnatembea mmeshikana mikono, msichana na mvulana, na wazee wenzangu wanageuza nyuso. Wengine wananiambia niwakemee. Siwakemei. Ila nina neno kwako, hasa wewe unayejiandaa kuingia katika nyumba ya watu ambao hukulelewa nao.

Usiuchukue mkono wa mtu kabla ya kujua kwao mkono unasema nini. Uliza. Kuuliza hakukupunguzii chochote. Na ikiwa wewe ndiye usiyeweza kuushika, usirudi nyuma kimya. Fungua mdomo useme sababu wakati ule ule, maana heshima uliyoificha moyoni mwenzako ataiona kama tusi, na atakuwa na haki. Ukimwaibisha mtu mbele ya watu, mtake radhi mbele ya watu hao hao. Na usiseme kabila fulani halina haya kwa sababu tu wanagusana, wala kwamba fulani wana kiburi kwa sababu hawagusani. Hujui walikojifunza. Na mumeo au mkeo akitaka kukushika mkono njiani na wewe unaona haya, mwambie unaona haya, usimnyang'anye vidole ukamwacha anajiuliza.

Nenda basi, mwanangu, kwa hao watu wapya. Nakuombea mlango wao ukufungukie kabla hujabisha. Nakuombea upate huko baba wa kukukasirikia akakusamehe, na bibi wa kukugombeza ukamsikia. Mungu aipe mikono yako kazi njema, akupe na ulimi usioogopa kusema "sikujua", na popote utakapoingia, watu wafurahi kwamba umekuja.